Maombi ya Safari ya Thelujini

Mimi theluji siipendi, na niseme hivyo mapema ili mtu asidhani hamu ilikuwa yangu. Mwaka wangu wa kwanza Birmingham nilianguka pale Harborne nikishuka basi kwenda zamu, sare ya uuguzi bado ina mikunjo ya dukani, na Wazungu wawili wakaniinua huku wakiniomba msamaha kana kwamba wao ndio waliomwaga ile barafu. Kwa hiyo binti yangu aliporudi na barua ya shule, safari ya wiki moja kwenda kuteleza kwenye milima ya Ufaransa, nilimuuliza swali moja tu: mtu mwenye akili timamu analipa ili akaanguke?

Lakini alitaka. Haki ya Mungu, alitaka! Alijiandikisha akiwa na miaka kumi na mitatu. Korona ikaja, mipaka ikafungwa, safari ikafutwa kwa barua ya mistari mitatu. Mwaka uliofuata wakapanga tena, wakafuta tena. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake, maana alikuwa na kumi na sita na kiangazi hicho angemaliza shule. Hakuwa mtoto wa kuombaomba vitu. Alinisubiri zamu baada ya zamu katika ile miaka mibaya, akipika wali wake mwenyewe na kuniachia sufuria imefunikwa. Nikasema huyu ataenda, hata kama nitambeba mgongoni hadi huko mlimani.

Basi nikaanza kupanga, na mimi nikipanga watu hukaa mbali. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Masharti ya kuingia Ufaransa yalikuwa yakibadilika kama hali ya mgonjwa mahututi: Jumatatu wanasema hivi, Alhamisi wanasema vile, na mimi nafuta na kuandika upya. Cheti cha chanjo, tayari. Barakoa za basi, tayari. Cha mwisho kilikuwa kipimo cha nyumbani, kile cha kijiti cha pua, siku moja kabla ya kuondoka. Mstari mmoja, unakwenda. Miwili, unabaki, na basi halimngoji mtu.

Nguo tulikwenda kutafuta Sparkhill. Katika duka moja la Stratford Road kuna mzee Mhindi mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Nikamwambia nataka suruali ya theluji na soksi nene za mtoto. Akaniangalia juu ya miwani. "Mama, baridi iko hapo nje bure," akasema. "Mnaenda kununua ingine ya nini?" Binti yangu alicheka mpaka akashika kaunta. Ilikuwa zamani sijamsikia akicheka hivyo.

Zikabaki siku kumi, na hapo ndipo nikawa askari jela. Hakuna sinema. Hakuna sherehe ya rafiki kule Kings Heath, hata kama ni ya bustanini. Mimi mwenyewe nikitoka wodini nilivua nguo mlangoni na kula chakula changu jikoni peke yangu. "Mum, wewe umezidi," aliniambia. Nikamwambia acha nizidi mimi, ili wewe uione Ufaransa.

Na ushirika wetu nao nikauonya. Sisi Wakenya wa kanisa tuna desturi: mtu hasafiri bila kuombewa. Hata kama anakwenda Manchester, akina mama watakuja nyumbani, wataimba, watamwekea mikono kichwani, kisha chai na chapati. Mimi mwenyewe nilipotoka Nakuru kuja huku niliwekewa mikono mingi hadi nywele nilizosukwa zikalegea. Kumnyima mtu maombi ya safari ni kama kumtoa nyumbani kwa fimbo. Lakini niliwaandikia wote: safari hii maombi ni ya simu, tafadhali, hata kama mnatupenda. Wakaitikia amina. Tukaombewa kwenye simu, huku mmoja amesahau kuzima sauti na tunasikia akimgombeza mumewe.

Jumanne ya wiki ya safari, saa kumi jioni, mlango ukagongwa. Alikuwa dada yetu mkubwa wa ushirika.

Huyu lazima nimweleze. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii na sanduku moja. Binti yangu alipozaliwa, ndiye aliyemlea nikiwa kazini. Yeye ni mtunza wazee, anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mumewe alichukuliwa na gari la wagonjwa katika wimbi la kwanza la korona, na yeye akaachwa mlangoni. Hakuruhusiwa kupanda. Mzee akafariki baada ya siku sita. Kinachomuuma hadi leo, na anakisema waziwazi, si kifo chenyewe. "Alisafiri bila mkono wa mtu kichwani," husema hivyo. "Hata mmoja."

Sasa amesimama mlangoni kwangu, barakoa usoni, chapati zimefungwa kwa karatasi ya foili. "Sikuja kukaa," akasema. "Namwekea mtoto mkono, naondoka."

Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nimewafukuza watu mlangoni mwa wodi kwa mwaka mzima na zaidi, wake za watu, watoto wa watu, kwa sauti ya upole isiyobembelezeka. Ile sauti niliitafuta siku hiyo nikaikosa. Nikasema, "Karibu, dada. Dakika mbili."

Nikafungua dirisha, angalau. Binti yangu akapiga magoti kwenye zulia. Dada akaweka mikono miwili kichwani kwake, kisha akaivuta barakoa chini ya kidevu. Nikasema, "Dada, hiyo..." Akanikatiza: "Mungu haombwi na mdomo umefungwa." Akaomba. Aliombea milima, akaombea basi, dereva, magoti ya mtoto, walimu, kamba za ile mitambo ya kupandisha watu juu. Dakika mbili zikawa ishirini. Katikati alipiga chafya mara moja. "Vumbi," akasema, akaendelea. Alipomaliza alikuwa analia, na binti yangu amemshika kiuno.

Ijumaa baada ya shule tukafanya kile kipimo mezani, sanduku limeshafungwa, suruali ya theluji iko ndani. Mstari wa pili haukungoja hata dakika kumi na tano. Ulikuja mapema, mwekundu.

Nikasema kimekosea. Nikatoa kingine. Miwili. Nikatoa cha tatu, nikaanza kuirarua pakiti kwa meno. Binti yangu akainyang'anya taratibu. "Mum, acha," akasema. "Ni ile ile."

Mwalimu nilimpigia mimi. Alikuwa na huruma, lakini sheria ni sheria. Nilipokata simu hasira ikanipanda kichwani. Nilimkasirikia nani? Dada, kwanza. Niliropoka pale jikoni kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba nilisema simu, niliandika simu, nani asiyejua kusoma? Binti yangu alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, uso umevimba kwa kilio alichokuwa amekibana. Akasema, "Wewe ndiye ulifungua mlango." Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli tu. Wahenga walisema mganga hajigangi, na mimi siku hiyo niliwaelewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Jumamosi asubuhi basi la shule liliondoka saa kumi na mbili. Saa tatu nilikuwa natengeneza uji wakati simu iliita, na mimi simu zote huziweka kwa sauti kubwa kwa sababu mikono yangu haipumziki. Alikuwa dada. Hakusalimu.

"Mama, nimepimwa kazini. Ninayo." Alipumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Niambie mtoto ameondoka. Niambie sikumharibia. Nilimshika kichwa, mama, nilimshika kwa mikono hii. Nilimpulizia. Woi, kama nimemgusa mtoto nikampa hiki kitu, sijui nitamwambia nini Mungu."

Nikafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale ulimini, na sitaficha, sehemu yangu moja ilitaka aumie kidogo. Sehemu nyingine ilikuwa inamwona mlangoni kwake, ile siku ya gari la wagonjwa. Basi nikaacha mwiko ndani ya uji, nikaanza kujifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu.

Binti yangu alikuwa ameshuka ngazi bila mimi kumsikia, amejifunga blanketi, pua nyekundu. Akainamia simu. Akakohoa kwanza kwenye blanketi, mbali, ili isisikike.

"Auntie," akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ni mimi. Mum ameniunganisha na wewe kwa simu. Niko kwa basi. Mstari ulikuwa moja tu. Niko sawa kabisa."

"Uko kwa basi?"

"Niko kwa basi. Tunaenda tu. Watu wanaimba."

Dada akalia kwa sauti, kilio kile cha kufunguliwa. "Ahsante Yesu! Ahsante! Basi mimi sasa naweza kuugua kwa amani. Nenda, mwanangu. Nenda ukateleze."

"Nitateleza, Auntie. Kunywa chai ya tangawizi."

Simu ikakatika. Uji ulikuwa umeungua na mimi nalia juu yake bila aibu. Nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma, akanyoosha kiganja kunizuia, maana mimi nilipojipima nilikuwa bado na mstari mmoja.

"Mwambie mwalimu asiweke picha za safari mahali Auntie ataziona," akasema. Kisha akapanda ngazi na lile sanduku, akilivuta kidato kwa kidato, kwenda kulifungua.