Siku Tuliyozima Boila

Mdogo wangu alikaa na moto wa boila ya hospitali miaka ishirini na saba, lakini ukimuuliza aliuwasha lini, anasema hakuuwasha. Aliukuta unawaka. Mzee aliyemtangulia alimkabidhi koleo, akamwambia asiuache ufe, akaenda zake. Mtaani walimwita Bwana Mvuke, na watoto wadogo walidhani ndilo jina alilopewa na mama yetu.

Boila yenyewe ilikuwa pipa la chuma, refu kuliko chumba ninacholala, limejaa maji, na chini yake tanuri la magogo. Mvuke ulipita kwenye mabomba ukaenda jikoni, ukaenda chumba cha upasuaji kuchemsha vyombo, ukaenda wodi ya wazazi, ukaja kwetu udobini. Maana mimi nilifua mashuka ya hospitali ile miaka kumi na tisa. Mvuke naujua. Moto siujui, moto ulikuwa wake.

Jioni hakuzima. Alisogeza makaa nyuma ya tanuri, akayafunika majivu, akafunga mlango, na asubuhi akafukua akatia magogo. Mara moja kwa mwaka ilibidi ipoe ili ioshwe ndani. Basi aliipoza siku sita, makaa kidogo akiyatunza kwenye karai la majivu ili moto uleule urudi. Siku sita nzima, kidogo kidogo, na mtu akifungua mlango wa tanuri hovyo upepo ukaingia, alimfokea, yeye ambaye hafoki. Nilimcheka. Nikamwambia, hiyo ni boila au ni mzazi aliyejifungua jana?

"Dada, chuma hiki ni kizee," akasema. "Ukikishtua kinapasuka. Na kikipasuka hakishoneki."

Nilisikia. Sitaki mtu aseme sikuambiwa.

Mambo yalianza kuharibika kiwanda cha nguo kilipofungwa. Halafu kiwanda cha sabuni. Mchana barabara ikajaa wanaume wazima wamesimama, mikono mfukoni, wanaangalia magari. Mwanamke akitoka dukani kila mtu anatazama kikapu. Tukaambiwa uchumi umeanguka dunia nzima, tusubiri bajeti, serikali italeta nafuu kwenye bajeti. Tukasubiri.

Siku ya kusomwa tulikwenda kwa kinyozi, maana redio yake ina sauti kubwa, na mdomo wake una sauti kubwa zaidi. Pale ndipo habari za mtaa zilipopikwa. Alikuwa ananyoa fundi viatu. Waziri alipoanza kusoma, kinyozi akazima mashine asikilize, akasimama hivyo hivyo. Ushuru wa mafuta ya taa umepanda. Watu wakaguna. Unga umepanda. Mafuta ya kula yamepanda. Waziri akasema wananchi tufunge mkanda.

"Mkanda!" kinyozi akapiga kelele. "Mimi matundu yamekwisha, sasa nafunga kamba! Akija atanikuta nimejifunga mti!"

Watu walicheka, ila kile kicheko cha kukosa la kufanya. Fundi viatu akasema, "Bwana, nimalizie basi kichwa." Kinyozi akamwambia, "Nusu hii ni bei ya zamani, nusu hiyo ni bei ya bajeti. Chagua." Maskini alitoka pale kichwa upande mmoja kipara upande mmoja msitu, amekasirika, hata salamu hakutoa.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia imelala gotini. Hakucheka. Waziri alipofika mambo ya afya, akasema hospitali zote zipunguze kuni na mafuta kwa nusu. Mdogo wangu akainua kichwa.

"Moto hauna nusu," akasema.

"Wewe nenda kawaambie," kinyozi akamjibu. "Labda watakupa kiti bungeni."

Kesho yake katibu wa hospitali alimwita. Lori la magogo litakuja mara moja kwa wiki badala ya mara mbili. Mdogo wangu akaeleza habari ya chuma kizee. Katibu akamwambia, "Mzee, mimi natekeleza." Neno hilo moja tu. Basi akaanza kupita kwa maseremala na gunia, baada ya kazi, anaomba maranda na unga wa mbao. Akawa anachanganya na magogo ili moto usife. Maranda mabichi, yana moshi mweupe mzito. Alirudi nyumbani anakohoa. Nikampa maji.

Ndipo ukaja mgomo. Kinyozi ndiye aliyeubeba, na mimi simlaumu, hasira ilikuwa yetu sote. Akapita nyumba kwa nyumba. Jumatatu soko lisifunguliwe, magari yasitembee, mikate isiokwe. "Mji mzima usitoe hata moshi," alisema. "Wakubwa wakichungulia dirishani waone mji umekufa, wajue wameuua wao." Na kama kuna moshi ulioonekana kutoka kila upande, mpaka kule juu kwenye ofisi za serikali, ni ule wa bomba la hospitali.

Wakamwendea mdogo wangu. Akakataa.

"Siku moja tu, Bwana Mvuke."

"Haipoi siku moja. Inapoa siku sita."

"Wagonjwa wenyewe wanatuunga mkono!"

"Wagonjwa wanataka maji ya moto," akasema, akaendelea kuchambua magogo.

Kuanzia siku ile nilionja shubiri. Nikifika bombani na ndoo yangu, wanawake wananyamaza. Mmoja, niliyemfulia nepi za wanawe wote wanne, akasema bila kunitazama, "Wengine kwao bajeti ni sherehe, wanapika mvuke." Asubuhi moja nikakuta ukuta wetu umeandikwa kwa mkaa. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani. Nilifuata herufi moja moja kwa kidole mpaka nikafika mwisho. KIBARAKA. Nilitamani nisingejua kusoma.

Mimi katika maisha yangu sijawahi kunyooshewa kidole. Baba yetu hakunyooshewa. Jioni ile nilimwekea mdogo wangu chakula, kabla hajanawa nikaanza.

"Utazima?"

"Sizimi."

"Unataka nizikwe na watu wangapi, mimi? Na wewe peke yako na koleo lako?"

"Dada, wewe umefanya kazi pale. Unajua."

"Ninachojua ni kwamba jina la baba limechafuliwa ukutani kwa mkaa."

Akaacha kula. Hatimaye akasema atafanya hivi: Jumatatu hatatia gogo hata moja. Atafunika makaa kwa majivu, kama afanyavyo jioni, na yakae hivyo mchana kutwa. Mvuke hautakwenda popote, moshi hautaonekana, na chuma hakitapoa. Mgomo atakuwa ameufanya na boila itakuwa hai. Nikaenda mwenyewe kumwambia kinyozi. Kinyozi akaridhika, hata akanikumbatia. "Shikamoo, mama wa mgomo!" Nikarudi nyumbani kichwa juu.

Jumatatu mji ulinyamaza kweli. Nilikaa mlangoni nikasikia ndege, jambo ambalo sijalisikia mtaa ule tangu nikiwa msichana. Watu walisimama makundi makundi, wanatazama juu. Mara mtoto akaonyesha. Bomba la hospitali lilikuwa linatoa moshi. Haukuwa mweusi wa siku zote. Ulikuwa mweupe, mnene, unapanda taratibu kama wa mtu anayevuta kiko.

Yalikuwa yale maranda mabichi. Yalikuwa yamechanganyika na makaa, na chini ya majivu yakawa yanafuka. Angekuwa na magogo yake ya zamani usingetoka hata uzi. Lakini nani angesimama barabarani kuwaeleza watu habari za maranda?

"Ametuuza!" mtu akasema. Basi. Neno hilo lilitembea kuliko miguu. Watu wakaanza kwenda hospitali, kwanza wanatembea, halafu wanakimbia, na mimi kati yao. Mlinzi wa geti alijitoa njiani. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa chumba cha boila, mikono ameitanua.

"Hakuna moto! Ni maranda yanafuka! Ngojeni saa moja yataisha!"

"Saa moja ya nani?" kinyozi akamjibu. Uso wake sikuutambua, yule mtu wa mizaha. "Wanatuangalia sasa hivi! Wanacheka sasa hivi! Umekula kiasi gani, Bwana Mvuke?"

Watu wakanigeukia mimi. Waliniangalia tu, wale wanawake wa bombani pia, na yule wa nepi. Pembeni ya tanuri kulikuwa na ndoo ya maji, aliyolowekea majivu kabla ya kuyatoa. Nilimpita mdogo wangu chini ya mkono wake. Angeweza kunizuia, ana nguvu kuliko mimi. Lakini hajawahi kunigusa kwa nguvu tangu tuzaliwe, na siku ile pia hakunigusa.

"Dada, usimwage," akasema. Polepole, kama anayeniomba nimpishe. "Dada."

Nikafungua mlango wa tanuri nikamwaga.

Chuma kililia. Sina neno jingine. Mvuke na majivu vikanirudia usoni, nikaanguka kwa makalio. Walionifuata wakachota maji kwa ndoo za hospitali kwenye bomba la uani, wakamwaga, wakamwaga, mpaka tanuri likawa tope. Walipotoka nje na kuona bomba la moshi safi, mbingu tupu juu yake, walipiga vigelegele. Walinibeba. Mimi, kizee, nilibebwa juu mpaka barabarani, na nasema ukweli, nilifurahi.

Siku ya Jumanne mdogo wangu aliwasha moto kwa mara ya kwanza maishani mwake. Maji yakaanza kutoka kwenye ufa wa mlango wa tanuri, kwanza matone, halafu mchirizi, yakauzima moto wake. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne hakujaribu.

Serikali haikusema neno juu ya mgomo. Unga ulibaki bei ile ile. Baada ya wiki mbili kinyozi mwenyewe alifungua duka na kupandisha bei, kwa sababu ya umeme. Katibu wa hospitali alikuja na karatasi. Boila imeharibiwa na wananchi wenyewe, na bajeti haina fungu la kuitengeneza. Na kwa kuwa boila haipo, lori la magogo halina haja ya kuja hata hiyo mara moja. Wakaokoa nusu, na nusu ya pili tukawapa sisi.

Udobini wakaanza kufua kwa maji baridi. Ukienda kujifungua, unakwenda na chupa yako ya maji ya moto. Asubuhi wanawake wanapita mbele ya mlango wetu, chupa kwapani, na ukiwatazama wanageuza shingo.

Mdogo wangu aliitwa kuhojiwa. Watu watatu na meza. Walitaka jina moja tu: nani alimwaga maji ya kwanza. Akitaja, yeye hana kosa, atalipwa kiinua mgongo chake chote. Akawaambia hakuona, macho yalijaa mvuke. Walimuuliza mara nyingi. Mwisho wakaandika kwamba mhusika alishirikiana na waharibifu, wakamfukuza bila kitu. Miaka ishirini na saba.

Haya sikuambiwa naye. Niliambiwa na muuguzi aliyekuwa akiandika pale. Siku hiyo hiyo nilivaa gauni langu la heshima, nikachana nywele, nikaenda hospitali kusema ni mimi. Nilifika getini. Mlinzi akaniuliza, "Shikamoo mama, una shida gani?" Nikatazama zile ngazi za ofisi. Nikamwambia nimekuja kumwona mgonjwa. Nikaingia, nikazunguka wodi, nikatokea mlango mwingine. Mara ya pili nilikwenda tena, sikufika hata getini. Mtu aliyebebwa juu na mji mzima, nikajua sina miguu.

Mwezi uliopita walikuja wakataji wa vyuma chakavu. Hospitali imewauzia boila kwa uzito. Walikuwa na mitungi ya gesi na miwani, ila hawakujua waanzie wapi, mabomba yamepita ndani ya kuta. Wakamtuma mtu nyumbani kumwita Bwana Mvuke akawaonyeshe, watampa posho ya siku.

Nilimwambia asiende. Nikamwambia nitauza kitanda, nitauza hata mlango, asiende.

"Wakikata hovyo watabomoa ukuta wa wodi ya wazazi," akasema. Akavaa kofia yake akaenda.

Alikuwa huko siku tatu. Aliwaonyesha kila kiungo, kipi cha kwanza, kipi cha mwisho, wapi wasiguse. Siku ya tatu alirudi mapema, nguo zimejaa kutu, akaweka unga na chumvi juu ya meza. Nikampelekea maji ya kunawa. Alinawa muda mrefu.

"Dada," akasema, "nimeiona ndani. Chuma chote kilikuwa kizima. Kingeenda miaka mingine kumi. Ufa ulikuwa ule mmoja tu, wa mlangoni."

Hakunitazama alipokuwa akisema. Nilichukua beseni nikaenda kumwaga maji nje, nikasimama uani mpaka alipoita kwamba chakula kinapoa.