Sifongo na Mguu wa Mama

Mama alijikata na jembe shambani kwetu Mashewa, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Akafanya tunachofanya wote kule: alinunua dukani rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, akafungua moja, akanyunyizia unga wake kidondani. Kidonda kikifunga juu, anaacha, kikifumuka, anarudia. Miezi ikapita hivyo, bakteria wakizoea dawa. Mimi mwanawe, ninayekula kwa kutafuta dawa za kuua bakteria, niliambiwa wa mwisho. Nikamfokea kwenye simu, na hilo linaniuma hadi leo.

Hospitalini Korogwe, dawa baada ya dawa haikufua dafu. Kwa ridhaa yake usaha kidogo uliletwa maabara kwetu, nikaotesha bakteria wake kwenye kisahani.

Kazi yetu ni kumwiga sifongo. Ni mnyama wa baharini, hana meno, hana mguu, kaganda penye jiwe maisha yake yote, kwenye maji yaliyojaa vijidudu, na haozi. Anajitengenezea sumu ya kuwaua. Sisi tunachunguza ilivyoungwa, tunaiunda upya, tunabadili hapa na pale. Nikaweka tone la jaribio letu la karibuni katikati ya bakteria wa mama.

Kesho yake nilikuta duara safi, kama uwanja uliofagiliwa. Pembeni wamejaa, ndani hakuna hata mmoja. Nikapiga picha. Kiumbe kisicho hata na kichwa kilijua jambo hili kabla mtu wa kwanza hajashika jembe!

Nikaenda Korogwe na picha kwenye simu, nikamsimulia mama habari za sifongo.

"Hapa peupe ndipo walipokufa?"

"Ndiyo, mama."

"Subhanallah. Basi nipake."

Nikamwambia haiwezekani. Hata panya hatujampa. Huenda ikamuua mama mwenyewe kabla ya bakteria. Itachukua miaka. Akaomba maji.

Wiki ile ile mguu ulikatwa chini ya goti. Nilipoingia wodini nilitoa shikamoo, nikavuta kiti. Akaanza yeye.

"Yule mnyama wako, ulisema hana mguu?"

"Hana, mama."

"Na anapigana hapo hapo alipo?"

"Hapo hapo."

Akajivutia shuka. "Basi rudi kazini. Mimi na yeye tupo."