Kitasa Chini ya Dawati

Huyu fundi kufuli watu walimwita Kitasa, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye kibanda chake, upana wa mikono miwili, funguo zimejaa ukutani hadi darini. Hakuna mlango uliopata kumshinda. Hivyo ndivyo alivyosema yeye mwenyewe, na aliyebisha alisimuliwa upya kuanzia mwanzo, pamoja na habari za mlango wa ghala la saruji ambazo sote tumeshazisikia mpaka masikio yameota sugu.

Kitasa alisoma hadi darasa la nne tu, lakini milango aliisoma kama gazeti. Akiona nyumba yenye makufuli matatu anakwambia, "Humu ameshaibiwa mtu mara mbili, na mara ya pili alikuwa amelala ndani." Akiona bawaba mpya kwenye mlango mkuukuu, anatikisa kichwa, "Huu ulipigwa teke." Na mara nyingi, nakubali kwa shingo upande, alikuwa anasema kweli.

Sasa mtu huyu alikuwa na mjukuu wa kike, miaka minane, waliyemwita Redio. Asubuhi akifungua macho amefungua na mdomo. Aliuliza kwa nini kivuli hakichoki, aliuliza mbu wanalala saa ngapi, na akikosa wa kumjibu alijijibu mwenyewe. Halafu siku moja Redio ikazimika.

Ilikuwa hivi. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, mtoto aliinama nyuma ya darasa kutafuta kifutio chake. Mwalimu akatazama harakaharaka, akaona madawati matupu, akafunga mlango kwa kufuli na kwenda zake. Mama yake, ambaye ni nesi, alimtafuta mtaa mzima. Saa kumi na mbili jioni ndipo mtu mmoja aliposikia kilio kule shuleni. Mwenye ufunguo hakupatikana. Akaitwa Kitasa.

Na kufuli lile, msinicheke, lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeiuzia shule, tena akajipiga kifua mbele ya walimu kwamba halifunguki bila ufunguo hata likipigwa nyundo. Kufuli ambalo kwa kawaida angelifungua huku anapiga mluzi lilimchukua dakika tisa, maana kila akisikia kilio cha ndani waya ulimponyoka. Mtoto alipotoka hakulia tena. Hakusema kitu. Tangu siku ile akawa analala mlango wazi, darasani anakaa karibu na mlango, na ukimwuliza jambo anakujibu kwa kichwa.

"Baba, nahama," nesi alimwambia baada ya miezi miwili. "Nimepata vyumba viwili karibu na zahanati niliyohamishiwa, na shule ya msingi iko nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba anataka jibu leo mchana, na mimi niko zamu mpaka saa nane. Nenda ukaniangalizie. Ukisema si salama, siendi. Ila baba, nakuomba, angalia tu."

"Kwani mimi huwa nafanya nini?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Kitasa alifika mtaani saa nne asubuhi, mkoba wa kazi begani, daftari mfukoni. Aliupita mtaa mara tatu, taratibu, akipiga darubini mlango kwa mlango. Alichokiona hakikumfurahisha hata kidogo. Nyumba zilikuwa na kufuli moja moja, nyingine pazia tu, mlango wazi kama mdomo wa mtu anayekoroma. Mlinzi hakuna. Kwenye kona fundi viatu alikuwa amejilaza kwenye kiti, kofia usoni. Mama mmoja ghorofani alianika mashuka bila kutazama chini. Wazee wawili walicheza drafti, na hakuna aliyeinua kichwa mgeni alipopita mara ya kwanza, ya pili, wala ya tatu. Pale kwenye nyumba ya bluu, yenye vile vyumba viwili, aliinama kabisa akalichungulia tundu la kitasa, hakuna aliyemwuliza una shida gani.

Akatoa daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa kukimbizana: *Mtaa umelala. Tatu kwa kumi.*

Shule nayo! Geti limefungwa kwa waya uliopindwa. Milango ya madarasa ina makufuli madogo ya kufungia sanduku la nguo. Kitasa alitaka kuandika mbili kwa kumi aende zake, lakini kitu kikamkaba. Alisimama pale getini akafikiri, na kufikiri kwa Kitasa si jambo la kila siku. Kufuli la shule ile ya kwanza lilikuwa bora kuliko yote. Kufuli halikumsahau Redio. Waliomsahau ni watu. Kwa hiyo cha kupima hapa ni kinachofanyika kabla kufuli halijafungwa, na hicho huwezi kukiona ukiwa barabarani.

Mtu mwenye akili zake angemwuliza mwalimu mkuu. Kitasa hakuwa mtu wa kuuliza. Kengele ilipolia saa saba na nusu, watoto wakatoka kama maji ya bomba lililopasuka, yeye akapenya ukutaukuta hadi darasa la pili, akaenda safu ya nyuma, akajikunja chini ya dawati. Magoti yalilia kama bawaba kavu. Akatazama saa yake. Alitaka kujua itachukua muda gani mpaka mtu amkumbuke mtu aliyebaki.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, akaanza kuumwa kiuno. Ya tatu akasikia sauti ya mwanamke kutoka chumba cha jirani, na ufagio ukigonga miguu ya madawati.

"Kuna mtu? Kama upo toka, mama yako amekwisha kupika."

Dakika ya nne mlango wa darasa la pili ukafunguliwa. Miguu ikaja safu kwa safu. Kila dawati, mtu anainama. Hatimaye sura pana ya mama wa makamo ikatokea chini, na Kitasa akamtolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Yule mama hakupiga kelele. Alimtazama, akatafakari.

"Arobaini na tatu," alisema. "Darasa hili lina watoto arobaini na wawili, na wote nimewahesabu wakitoka getini. Wewe umetoka wapi?"

"Mimi ni mgeni, mama."

"Mgeni wa chini ya dawati?"

Kitasa akajaribu kusimama kwa heshima. Kichwa kikagonga dawati, mkoba ukapinduka, na sakafuni zikamwagika tupa, bisibisi, nyaya za kuchokolea vitasa na funguo zisizopungua mia mbili. Zilichukua muda kumaliza kuanguka.

Yule mama alirudi kinyumenyume, akatoka, akavuta mlango, komeo ngwaa, kufuli kwaa. Kisha akapuliza filimbi.

Basi fundi asiyeshindwa na mlango akajikuta ndani ya mlango. Kufuli liko nje, mkono haulifikii, madirishani kuna nondo. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Chumba kikaanza kuwa kidogo. Kwa mara ya kwanza akaelewa saa zile za Redio zilikuwa na urefu gani.

"Mzee," ikaja sauti ya yule mama kutoka nje, karibu kabisa. "Nipo hapa hapa mlangoni. Usiogope. Ila na kutoka usahau."

Hapo chumba kikarudia ukubwa wake.

Filimbi haikuwa imenyamaza sawasawa, nje pameshajaa watu. Wa kwanza fundi viatu.

"Nilijua! Nimemwona tangu saa nne. Amepita mara tatu, mara ya pili akachungulia nyumba ya bluu."

"Na anaandika kwenye daftari," alisema mama wa mashuka, bado ana vibanio vya nguo mdomoni. "Nimemhesabia kurasa. Moja tu, lakini ameandika kwa hasira."

"Mimi nilimwambia huyu," alisema mzee mmoja wa drafti, "huyo bwana anapima milango. Nikapoteza kete mbili kwa sababu yake."

Mwalimu mkuu, kijana mwembamba aliyekunja mikono ya shati, akasogea dirishani. "Mzee, una lipi la kusema?"

Kitasa akasema yote, tangu kifutio mpaka dawati. Akapitisha daftari katikati ya nondo kama ushahidi. Mwalimu mkuu akalisoma kwa sauti, na hilo ndilo kosa alilofanya.

"Mtaa umelala. Tatu kwa kumi."

"Nani amelala?" Fundi viatu akavua kofia, akainyanyua watu waone. Katikati ilikuwa na tundu la ukubwa wa shilingi. "Miaka sita natazama mtaa huu kupitia hapa! Amelala nani?"

Wakampigia simu nesi. Alifika kwa miguu ya haraka, sare ya kazi bado mwilini, amemshika mkono Redio, aliyeshinda naye zahanati siku hiyo.

"Baba! Nilisema uangalie. Nilisema uingie uvunguni?"

"Sikuingia uvunguni. Niliingia chini ya dawati."

Redio aliuachia mkono wa mama yake. Akasogea mpaka dirishani, akashika nondo, akamtazama babu yake aliyekaa ndani.

"Babu, wamekufungia?"

Nesi akaziba mdomo kwa kiganja. Hayo yalikuwa maneno mawili mfululizo.

"Kidogo tu, mjukuu wangu."

"Muda gani?"

"Nusu saa."

"Ulikuwa peke yako?"

"Hapana. Bibi huyu alikuwa mlangoni. Hakuondoka."

Mtoto akageuka akampima yule mama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Huwa unaangalia chini ya madawati yote?"

"Yote."

"Na kabatini?"

"Na kabatini. Na chooni nabisha hodi."

"Hata siku ya mvua?"

"Siku ya mvua narudia. Watoto hupenda kubaki."

"Na wewe ukiumwa nani anahesabu?"

"Mwalimu wa zamu. Watoto wananiita Bibi Hesabu, na yeye siku nisipokuwepo anaitwa Bibi Hesabu, hata kama ana ndevu."

Redio akacheka. Kicheko kifupi chenye kutu, kama ufunguo unaoingia mahali ambapo haujaingia siku nyingi.

Ikabidi mtuhumiwa atolewe. Ufunguo ukakwama. Bibi Hesabu akausukuma, ukagoma.

"Bonyeza kidogo kushoto, kisha zungusha taratibu," Kitasa alielekeza kutoka ndani.

"Wewe mwizi nyamaza."

Akabonyeza kushoto. Likafunguka.

Kabla Kitasa hajatoka, Redio aliingia. Mwenyewe, bila kusukumwa, akapita katikati ya madawati mpaka safu ya nyuma, akainama pale babu alipojificha, akapachungulia vizuri. Mama yake aliushika mlango ili usijifunge. Mtoto akarudi, akasimama kizingitini karibu na Bibi Hesabu, akamwonyesha babu yake njia kwa kidole.

"Babu mmoja," alitangaza. "Ametoka."

Nesi alimpigia mwenye nyumba simu palepale, uso ameugeuzia ukutani. Fundi viatu hakumwachia Kitasa mpaka alipofuta ile tatu. Alidai kumi. Akapewa tisa, kwa sababu ya kutu kwenye kufuli, na Kitasa akaahidi kurudi Jumamosi kutia mafuta kila kufuli la shule.

Njiani Redio aliuliza kama Bibi Hesabu anahesabu hata usingizini, kama kofia ya fundi viatu ilitobolewa au ilitoboka, na kama yeye atakuwa wa arobaini na tatu au babu ameshaichukua namba hiyo. Hakupumua kuanzia getini hadi nyumbani. Na Kitasa, ambaye hajapata kumwachia mtu yeyote nafasi ya kusema, alitembea kando yake bila kutia neno.