Sari ya Pili

Juzi abiria mwenzangu alikuwa akitazama tamthilia ya Kihindi, ya lugha ya Kimarathi, kwenye simu, nikasikia tena harufu ya bizari ya Bibi Kusum, jirani yetu wa mtaa wa Queensbury huko ughaibuni, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliyenilea Mama akiwa kazini. Utotoni, kwenye televisheni yake, nilimwona mwalimu wa kike akirushiwa na watu kinyesi cha ng'ombe njiani kwa kuwafundisha wasichana. Mkobani alibeba sari ya pili. Nilidhani ni ya kuwanyongea waliomrushia.

"Atawanyonga lini, Bibi?"

"Hanyongi mtu, wewe! Anabadilisha ile iliyochafuka, anaingia darasani. Hapo ndipo roho zinawauma."

Sikuridhika.

Siku hizi sitoki bila blauzi safi ya ziada, maana doa dogo tu hunitia kiwewe. Lakini nikikutana na walionicheka kwa ajili ya madoa mpaka nikaacha shule na kujifunza peke yangu, vidole vyangu huingia mkobani, na kuanza kuisokota ile blauzi kama kamba.