Gimbi la Maji ya Kuogea

Magimbi yakikaribia kuiva hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye chakula kingine: udongo uliolowana, na nyuma yake kitu kama maziwa yanayotaka kuungua. Harufu hiyo ilinikuta Jumamosi moja barazani kwangu, hapa mtaa wa Kambarage, nikiwa na gazeti mkononi ambalo sikuwa nalisoma. Niliinuka kabla sijajua naenda wapi. Miguu ilishajua. Ilikuwa inaelekea jikoni.

Jikoni alikuwepo Kabula, mjukuu wa dada yangu Minza, aliyetoka Katoro kuja kusoma chuo hapa mjini na anayeishi kwangu. Bibi yake alikuwa amempa mfuko wa magimbi, na kwenye simu yake alikuwa ameona namna ya kutengeneza kinywaji anachokiita babo tii. Ni chai ya maziwa iliyochanganywa na magimbi yaliyopondwa, ikatiwa barafu, na chini ya glasi zikawekwa punje za wanga wa muhogo ambazo mtu huzivuta kwa mrija mnene na kuzitafuna.

"Mwanza wanakiuza bei ya kuku, Babu," aliniambia. "Mimi nakitengeneza hapa hapa."

Lakini wanga ulikuwa unamtesa. Alikuwa ameumwagia maji ya vuguvugu, na sasa kila alipoufinya ulikuwa mgumu kama jiwe, na kila alipolegeza vidole ulimtiririka ukakimbilia mezani.

"Babu, hiki kitu kina mashetani?"

"Hakina. Kinataka maji yaliyochemka. Yachemke mpaka yapige kelele."

Akanitazama kama vijana wanavyomtazama mzee aliyefungua simu yao bila kuelekezwa. "We Babu! Nani kakufundisha mambo haya?"

Sikumjibu siku ile. Nawajibu ninyi.

Nilizaliwa kijiji cha Didia, na mama yangu alifariki siku aliyomzaa Minza. Minza alipoanza kutembea vizuri, Baba alituletea mama mwingine kutoka Uzinza, kule karibu na ziwa. Alikuja na khanga chache na mzigo mmoja wa magimbi aliouviringisha kwenye majani ya migomba. Sisi tulijua mtama, mahindi na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Gimbi hatukulijua. Wala hatukumjua yeye. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na huyu hakuwa na mtoto, kwa hiyo Bibi, mama yake Baba, alimwita Mzinza tu, kama unavyomwita ng'ombe kwa rangi yake. Sisi watoto hatukumwita chochote. Tulikuwa tunasimama mbele yake na kungoja atuone.

Magimbi yake aliyapanda nyuma ya bafu. Bafu letu lilikuwa uzio wa mabua ya mtama na mawe bapa ya kusimamia, na maji yalitoka chini ya uzio yakajikusanya kwenye kitope ambacho hata bata walikipita kwa haraka. Yeye alikilima kitope kile. Yakaota majani mapana ya ajabu, ambayo maji hayakuweza kuyalowanisha. Tone lilikaa juu yake zima, likizunguka na kung'aa kama zebaki. Nilikuwa naenda kuyachezea kwa siri. Hadharani nilikuwa kiongozi wa wachekaji.

"Mimi sili," nilisema siku alipoyapika mara ya kwanza. "Gimbi hili limekunywa miguu ya Baba."

Hata Baba alicheka. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kuanzia siku ile, akipita na sufuria yake, nilivuta pua na kusema nasikia harufu ya kisigino. Minza, aliyekuwa anaiga kila neno langu, naye aliimba akizunguka ua mzima: miguu ya Baba, miguu ya Baba. Mzinza alikula magimbi yake peke yake, na nadhani yalikuwa matamu, kwa sababu hakuwahi kubakiza.

Ndipo Minza akaugua surua. Vipele vilipotoka na kuondoka, vilimwachia vidonda mdomoni. Zahanati walimpaka dawa ya zambarau mpaka ulimi wake ukawa kama wa mtoto aliyetoka kula matunda porini, wakasema ale chochote atakachokubali. Hakukubali chochote. Uji wa mtama ulimkwaruza, maziwa yalimchoma. Alilala kwenye mkeka, macho yamekuwa makubwa kuliko uso, na Bibi akaanza kuongea kwa sauti ya chini na majirani. Mimi nilijua maana ya sauti ile. Ndiyo iliyotumika alipokufa Mama.

Mzinza akaenda kupiga magoti mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Mama. Naomba mihogo michache shambani kwako. Kwetu kuna chakula cha mtu mwenye vidonda. Hakikwaruzi, kinateleza chenyewe."

Bibi alimwonyesha shamba kwa kidevu. "Chukua. Lakini mtoto huyu si wako, na mihogo ina sumu. Likitokea la kutokea, mimi sitakuwa na maneno ya kukutetea."

Hata mimi nilielewa. Minza angekufa kwa kukataa kula, ingekuwa kazi ya Mungu. Angekufa baada ya kula cha Mzinza, ingekuwa kazi ya Mzinza.

Alimenya, akaosha, akakwaruza mihogo kwenye bati alilolitoboa kwa msumari. Akaitia maji, akaikamua ndani ya kipande cha shuka, na beseni likajaa maji meupe kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Akanipa kazi ya kulilinda lisiguswe na kuku. Kuku sikuwaruhusu. Lakini mimi mwenyewe nilitaka kujua chakula kiko wapi ndani ya maji yale, kwa hiyo nilichovya kijiti nikakoroga, nikangoja, nikakoroga tena. Aliporudi maji yalikuwa meupe vile vile. Aliona kijiti kilicholowa. Nilikunja mabega kungoja kofi.

"Maji nayo yana haya," alisema. "Ukiyakodolea macho hayavui nguo. Njoo."

Akanikalisha kando yake, migongo yetu ikilitazama beseni. Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomsikia akiongea maneno mengi. Alinisimulia kwao, ambako mtu akichimba shimo la urefu wa mkono linajaa maji lenyewe, na sikumwamini. Tulipogeuka, maji ya juu yalikuwa angavu, unaona mpaka chini, na chini palikuwa peupe. Akaanza kuyamwaga. Nilipiga kelele nikidhani anamwaga chakula. Alimwaga mpaka tone la mwisho, na kitu cheupe kilibaki kimeshikamana na beseni, kigumu, na ukipitisha kidole kinalia kama theluji ninayoisikia ikisimuliwa na watu waliokwenda Ulaya. Mihogo ile yote, na kelele yote ya bati, kumbe ilikuwa inaficha hiki.

Alikibandua, akakiacha kivulini kikauke nusu, akakipukutisha juu ya ungo. Akanyunyizia maji kwa ncha za vidole, kisha akaanza kuuzungusha. Hakupepeta kama Bibi. Alizungusha taratibu, kama nilivyokuja kuona wachimbaji wakizungusha karai lenye mchanga kutafuta dhahabu. Na unga ule, ndugu zangu, ukaanza kujikunja wenyewe. Kwanza vichembe, halafu mbegu za mtama, halafu shanga. Hakuna aliyeufinyanga. Bibi, aliyekuwa amekaa mbali akijifanya anachambua kunde, alisogeza kigoda. Baadaye akakisogeza tena.

Zilipotiwa kwenye maji yanayochemka zilizama zikapotea. Nikahuzunika. Kisha zikapanda, moja huku, moja kule, na zilipopanda hazikuwa nyeupe tena. Ungeweza kuona upande wa pili. Zilikuwa kama matone ya mvua yaliyokataa kupasuka. Mimi ni mtoto wa nchi kavu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile, na mpaka leo, nimezunguka kote nilikozunguka, siwezi kusema nimeona kikubwa zaidi.

Aliponda magimbi kwenye maziwa ya moto na asali, yakawa ya zambarau iliyopauka, akamimina zile punje ndani. Bibi akasema, "Onja wewe kwanza." Akaonja. Tukangoja. Alipobaki hai, akampelekea Minza mdomoni.

Minza akafumba mdomo.

"Kula, ng'wanawane," Bibi alimbembeleza. "Kula, mwanangu."

Sauti ilitoka kidogo sana. "Sili miguu ya Baba."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzinza hakunitazama. Angenitazama, ingekuwa nafuu. Alishika kijiko hewani, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba maneno yangu yalikuwa yametembea ndani ya nyumba ile kwa miguu yao wenyewe, mpaka yakafika kwenye mkeka wa mgonjwa.

Nilichukua bakuli. Nikala kijiko kilichojaa, mbele ya wote. Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia. Badala yake zile punje ziliteleza ulimini, laini, zikijificha chini ya meno kila nilipotaka kuzibana, na utamu wa gimbi ukaja pole pole nyuma yake. Nilisahau kwamba nilikuwa nafanya hivyo kwa ajili ya mtu. Nikachota cha pili.

"Hiyo yangu," Minza alisema.

Alimeza moja. Akashika nyingine kwa vidole, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, ikamponyoka, kikamtoka kicheko kilichomuuma mdomo mpaka akalia. Halafu akafungua mwenyewe mdomo wake wa zambarau na kungoja. Mzinza alimlisha mpaka bakuli likawa tupu. Ndipo Bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye kunde zake, akasema:

"Mama Minza. Muongeze."

Kijiji kizima kikafuata. Jina hilo alikaa nalo mpaka mwisho.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alipanda magimbi kwenye kitope kwa sababu gimbi hupenda maji. Ni kweli, hupenda. Lakini nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojiuliza kwa nini hakuwa na hata tuta moja kwingine kokote. Mashamba yalikuwa ya Baba, ya Bibi, ya baba zangu wadogo. Kitope cha nyuma ya bafu ndiyo ardhi pekee ambayo asingenyimwa na mtu, kwa kuwa hakuna mtu aliyeitaka. Nasi tukamcheka kwa kupanda pale.

Ningependa kusema kwamba nilipoelewa nilirekebisha. Baba alipofariki, ukoo ulikaa kugawa mashamba, na mzee mmoja akasema mwanamke asiyezaa hana fungu. Kwenye kikao kile mimi ndiye niliyekuwa nimefika kidato cha nne. Walinigeukia niseme neno, na neno nilikuwa nalo: nilimsikia Bibi kwa masikio yangu akimwita Mama Minza. Nikatazama viatu vyangu. Shamba la bondeni likawa langu. Baadaye nililiuza, na nyumba hii ninayokaa barazani kwake imetokana nalo.

Mama Minza aling'oa magimbi yake, akayaviringisha kama alivyokuja nayo, akaenda Katoro kwa Minza, aliyekuwa ameolewa huko. Alifia mikononi mwa Minza. Kwenye msiba watu walinipa pole kama mwanawe, nami nikazipokea.

Kabula alichemsha maji mpaka yakapiga kelele. Wanga ukashikamana, akafinyanga punje moja moja, nami nikavuta kiti karibu na jiko kuziona zikizama na kupanda, kama sijawahi kuziona. Alinipa glasi. Nilivuta kwa ule mrija mnene, na punje ya kwanza ikanipita ulimini kabla sijaibana.

"Bibi Minza anasema magimbi haya hayajawahi kununuliwa sokoni," Kabula alisema. "Mbegu ni ile ile toka zamani. Babu? Mbona hunywi?"

Kwenye mfuko wa Minza lilikuwa limebaki gimbi moja. Nililichukua, nikatafuta jembe.

"Lipande kule nyuma, Babu, maji ya bafu yanapotokea."

"Hapana. Mbele."

"Mbele pakavu! Gimbi linataka maji, litakufa."

"Nitalimwagilia," nikamwambia, nikaanza kuchimba mbele ya baraza, penye udongo mzuri, mahali ambapo kila anayeingia kwangu atalazimika kulizunguka.