Unga wa kinga kwenye uji wangu

Jamani, mama aliyenipa figo yake leo nimemfumania akinitilia dawa kwenye uji!

Unga wa kijani. Kaununua mnadani Dutwa kwa muuzaji mmoja anayenadi dawa kwa spika, eti unapandisha kinga.

"Si ulisema vidonge vyako vinashusha kinga?"

"Mama! Inashushwa makusudi, mwili usije ukaishambulia figo ya mtu mwingine!"

Nikampigia daktari. Kasema uji niache, vidonge nisiache, niende kupima damu leo leo.

Sasa tumetoka Bariadi, tuko kwenye basi la Mwanza. Kila dakika najipapasa tumboni, pale ilipo figo yake.

Sasa hivi mama kanigeukia:

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa. Huyo mtu mwingine ni nani?"

Nyie mngemjibuje?