Mfereji Huzibuliwa Kuanzia Chini

Kwetu Igogo mlimani, mfereji huzibuliwa kuanzia chini. Vuli ikikaribia, nyumba ya chini kabisa inatoa mchanga na takataka, halafu inaita, "Tayari!" Hapo ndipo wa juu yake anashika jembe. Ukitangulia wewe wa juu, maji yako yanamwingilia mwenzako ndani. Mama alikuwa anasubiri sauti ya jirani yetu wa chini, bibi mmoja muuza dagaa, hata kama wingu limeshatanda ziwani. Mimi subira hiyo sikuwa nayo.

Uani mama alikuwa na matete na kingo za mawe alizozipanga kwa mikono yake. Maji yakifika pale yanapunguza mwendo, udongo unayanywa taratibu. Harufu ya udongo ule naikumbuka hadi leo. Basi nilipopata kazi, nikang'oa vyote nikamwaga zege ua mzima, eti tusikanyage tope.

"Na maji yataenda wapi?" mama aliniuliza.

"Mama, haya mambo ya kisasa." Akili ni nywele, na siku ile mimi nilikuwa na kipara.

Mvua ya kwanza ikateleza juu ya zege langu, ikaangusha ukuta wa jiko la jirani. Tulimkuta amesimama kwenye tope, sufuria mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. "Shikamoo, bibi," nikasema. Aliitikia bila kunitazama. Mama hakunigombeza. Alirudi nyumbani, akachukua nyundo akaanza kuvunja zege peke yake, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikampokea nyundo.

Ukuta tukaujenga upya, matete tukayapanda. Lakini vuli iliyofuata jirani alizibua kimya kimya. Mama alisimama na jembe asubuhi nzima akisubiri kuitwa, mpaka akaingia ndani. Kabla ya vuli nyingine akafariki.

Mwaka huu nilisimama palepale, na jembe lake. Matete yamenipita kimo. Nilikuwa nimeshakata tamaa niliposikia sauti ya kizee kutoka chini:

"Tayari, mwanangu."

Nililia, kwa sababu aliyeisubiri sauti ile hayupo. Kisha nikainama nikazibua, na nilipomaliza nikamwita wa juu yangu.